Mkato wa Shoto

Wifi yangu alizaliwa na mkono wa shoto. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, akaufunga mkono huo kwa kitambaa miaka miwili mizima ili auache. Hakuuacha. Mezani alikula kwa mkono wa kulia, maana ukinyoosha shoto kwenye chakula cha yule mama unapigwa mwiko vidoleni. Akitoka nje tu, kitambaa chini, kisu shotoni. Watu wakamwita Mashoto, na lile jina alilopewa na wazazi likafa njaa.

Nimeishi naye miaka arobaini na sita. Simpendi, hanipendi, na hakuna anayemjua kama ninavyomjua. Ukimpenda mtu humtazami sawasawa.

Baba mkwe alikuwa na kitalu cha michungwa. Kwa wasiojua, mchungwa mtamu haupandwi mbegu ukakaa ukangoja. Unaotesha mlimau, maana mlimau ni sugu, mizizi yake haijui kuumwa. Halafu unatafuta jicho, kale kauvimbe kadogo pale jani linaposhikana na tawi, unalibandua kwenye mchungwa mtamu, unalipachika ndani ya gome la mlimau, unafunga utepe. Likishika, unaukata mlimau kichwa, na lile jicho ndilo linakuwa mti. Chini mlimau, juu mchungwa. Hiyo ndiyo kubebesha, na ni kazi ya kisu. Kisu kikizama unene wa unywele zaidi, jicho linakufa. Kikipungua unywele, halishiki.

Mashoto alianza akiwa na miaka kumi. Baba yake alitupa tawi kavu, yeye akaliokota, akalipapasa, akapata jicho moja tu lililo hai, akalibebesha kwenye mche wa mlimau nyuma ya jiko bila kumwambia mtu. Likashika. Mti ule ukaja kuitwa Bibi, kwa sababu michungwa yote ya shamba letu, yote themanini, macho yake yalitoka kwake na yote aliyabandika Mashoto. Mkato wake ulijulikana. Wenye mkono wa kulia mkato wao unasimama wima kama msumari. Wa Mashoto ulipinda mwishoni ukatoka kamkia, kama mkia wa mjusi, na utepe aliuzungusha kinyume na watu. Baba mkwe akipita kitaluni kwenye miche ya kuuza alikuwa anaangalia mikia tu: "Huu wa binti yangu. Huu wa binti yangu. Huu wa yule kibarua mlevi."

Siku nilipoletwa kwao mke, alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama mche wa sokoni. "Shina zuri," akamwambia kaka yake. "Tatizo mdomo."

Viatu vya harusi vinanibana, nikamjibu pale pale: "Na wewe wifi, jicho zuri. Tatizo hujapata pa kubandikwa."

Mume wangu akacheka, halafu akakumbuka kuwa yule ni dada yake, akajifanya anakohoa. Basi ndivyo tulivyoanza, na hatukuwahi kuanza upya.

Aliolewa baadaye, na mfanyabiashara wa mbao. Alikaa kwa mumewe miezi minane. Siku aliyorudi na sanduku kichwani nilimpokea mlangoni, nikamwuliza, "Kulikoni wifi, umeachwa?"

"Nimeacha," akasema. "Yule mtu akiona mti anaona meza."

Hakuolewa tena. Mume wangu alipokufa, moyo, ghafla, gunia bado liko begani, shamba likagawanywa kwa mfereji: miti arobaini kwangu, arobaini kwake. Bibi akaangukia upande wake. Sikulia kwa hilo. Mti ni mti. Na mimi kisu sikijui, kwa hiyo miti yangu nayo aliipogoa yeye, akaitibu yeye, miaka yote hiyo. Sikumwambia asante, naye hakukaa kuisubiri.

Halafu ukaja ugonjwa wa manjano.

Uliletwa na kadudu kadogo kuliko chawa. Kakinyonya jani kanainua makalio juu, kama mtu asiye na haya. Kumbe kwenye mate yake mna bakteria, na bakteria wale wakishaingia kwenye utomvu wanaziba mishipa ya mti, mti unakufa kwa njaa umesimama. Majani yanapata manjano ya mabaka, upande huu hivi, upande ule vile, kama mtu aliyejipaka poda bila kioo. Chungwa linakuwa dogo, limepinda kiuno, chini kijani, chungu kama kwinini. Mnunuzi wetu wa siku zote alikata moja, akalamba, akalitemea kwenye kiatu changu. Tukapulizia kila dawa iliyoko dukani. Wale wadudu walikuwa wanaoga tu.

Ndipo akaja Daktari. Si wa watu, wa miti. Msichana mwembamba wa miwani, viatu vikubwa kuliko yeye, kutoka maabara ya utafiti. Alikuja na sanduku la barafu, na ndani ya sanduku visahani, na ndani ya visahani vinundu vidogo vyeupe, kila kimoja kama punje ya hindi.

"Kuna bakteria wa udongoni," alituambia, tumekaa jikoni kwa Mashoto, "wanajua kuingia kwenye mti wakauamrisha uote nundu. Ni wezi, wanateka jiko la mti ili wajipikie. Sisi tumewanyang'anya ule wizi, tukawaandikia maagizo mengine. Sasa nundu inaota ndogo tu, na kazi yake ni kupika dawa na kuimwaga kwenye utomvu. Utomvu unaifikisha mpaka jani la mwisho. Bakteria wa manjano wakikutana nayo, wanapasuka."

"Mnaandika kwa kalamu gani?" nikauliza.

"Kwa mashine, bibi. Ni herufi za uhai."

"Mimi za kwangu ziliishia darasa la pili, na ninaishi vilevile."

Mashoto hakucheka. Alikuwa ameshachukua kinundu kimoja, anakibonyeza kwa dole gumba, ananusa. "Yaani ni kubebesha," akasema.

"Ndiyo mama, ni kama kubebesha."

"Si kama. Ni kubebesha. Mmesoma miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mngeniuliza." Lakini nilimwona. Macho yalimng'aa kama mtoto aliyepewa kisu kipya.

Masharti yalisomwa mara mbili, polepole, kama wanaosomewa ni viziwi. Miti arobaini ingepata nundu hai, inayopika dawa. Arobaini ingepata nundu tupu, inaota vizuri ila haipiki kitu, ili ijulikane kama kinachoponya ni dawa au ni mvua au ni bahati. Ipi ni ipi, ilijua karatasi moja tu iliyofungiwa kabatini huko maabara. Hata Daktari mwenyewe hakuijua. Na kibali cha serikali kilikuwa cha miti ile arobaini, kwa namba zake. Nundu isihamishwe. Tawi lisikatwe. Nundu hai ikikutwa kwenye mti usio wake, shamba lote linang'olewa na kuchomwa. Mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha na dawa ikionekana inafanya kazi, miti iliyobaki yote inapewa nundu hai, kisha bonde zima baada yetu.

Mashoto akatia dole gumba. Mimi nikatia langu.

Daktari alitaka kuleta vijana wake wafanye kazi ya kupachika. Walijaribu mti mmoja, wakalichana gome kama wanafungua barua. Mashoto akawasukuma kando. Nundu themanini kwa siku nne, peke yake, magoti yanamlia kila akiinama, na hakuna hata moja iliyokufa. Daktari akasema hajawahi kuona. Wiki nzima baada ya hapo Mashoto alikuwa haongeleki kwa majivuno.

Miezi sita haikupita, alishaisoma ile karatasi ya kabatini bila kuiona. Kwa dole gumba.

"Nundu hai ukiibonyeza inarudi, kama shavu," aliniambia. "Tupu inabaki na shimo."

"Basi za kwangu ngapi hai?"

"Kumi na sita."

"Na zako?"

"Ishirini na nne."

"Kumi na sita kwangu, ishirini na nne kwako! Hiyo karatasi iliandikwa na mjomba wako?"

"Ilipigwa kura, wifi."

"Kura ina ndugu."

Baadaye hata mimi nisiye na dole niliiona kwa macho. Miti hai ilikuwa imetoa majani mapya, ya kijani kweli kweli, na machungwa yake yalikuwa yamenyooka. Mingine ilizidi kukauka. Upande wangu kumi na mitatu ilikuwa kuni tayari. Kumi na mmoja ilikuwa bado inapumua.

Na Bibi, namba arobaini na moja, alikuwa mtupu.

Mwezi wa tisa Bibi alianza kumwaga majani. Mashoto aliyafagia asubuhi, mchana akayafagia tena. Daktari alipokuja kupima, Mashoto alimshika mkono, yeye ambaye hashiki mtu mkono.

"Arobaini na moja haifiki," akamwambia.

"Imebaki miezi mitatu tu, mama."

"Mti hauli miezi."

Yule msichana akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nikiupa huo dawa nimeiua kazi yote. Na si shamba lenu tu. Bonde zima linasubiri. Naomba univumilie."

Alisema kwa upole. Sina la kumlaumu, na natafuta.

Alipoondoka nikamwambia wifi, "Uache ufe. Umezeeka kama wewe." Akanitazama, asijibu. Mtu wa maneno akikunyamazia, funga mlango.

Alilifanya siku ya mapumziko, jua la saa sita, watu wote wako ndani. Alikata kipande chembamba kama ukucha kutoka nundu ya namba kumi na saba, akakipachika kwenye Bibi chini kabisa, karibu na mzizi, akafunika na majani makavu. Alikuja kuniambia kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Eti mtu aliyebebesha miaka hamsini na kitu, akiona kilicho hai huku na kinachokufa kule, mkono haungoji kichwa. Wabebeshaji wote wanasema hivyo. Ni uongo, na wanauamini wote.

Kwangu hakusema mara moja. Niligundua. Wiki nne hazijaisha, Bibi kachipua.

"Wifi," nikamwita ng'ambo ya mfereji, "Bibi kafufuka?"

"Mvua."

"Mvua gani hiyo, imefika mferejini ikageuza?"

Nikavuka. Alijaribu kusimama mbele yangu, nikampita. Nikafukua majani kwa mguu. Utepe ulikuwa umezungushwa kinyume.

"Haa," nikasema. "Mwenye mti wake."

"Ni mmoja tu, wifi."

"Na mimi nina kumi na mmoja inayokufa. Chukua kisu."

Akakaa chini pale pale, kwenye majani. "Sikiliza. Mmoja utapotea katika themanini. Yule binti ataona mti mmoja umekwenda kombo, ataupigia mstari, ataendelea. Kumi na miwili hawezi kukosa kuiona. Subiri, miezi miwili imebaki. Halali yako inakuja."

"Mbona Bibi hakusubiri?"

Akarudisha majani makavu juu ya utepe.

"Utabebesha kumi na mmoja yangu, au nampigia simu Daktari sasa hivi. Namba yake nimeibandika kwenye kopo la chumvi."

"Utaichoma na yako."

"Yangu inakufa vyovyote. Ikiuawa na manjano au na serikali, kwangu mamoja."

Haikuwa kweli. Nilikuwa na kumi na sita ya kijani kama nyasi, na yeye aliijua mmoja mmoja. Nilichokuwa sikiwezi ni kumwona yeye anaokoa wake na mimi nangoja zamu. Akatazama Bibi, akanitazama mimi.

"Mdomo," akasema. "Nilisema tangu siku ile."

Akasimama akaenda kunoa kisu. Kazi ilichukua siku mbili. Mimi nilishika utepe. Chovya chovya humaliza buyu la asali, nilifundishwa methali hiyo nikiwa mdogo na nimeisema kwa watoto wa watu mara mia. Siku zile mbili haikunijia hata mara moja.

Mwezi mmoja kabla ya mwaka kwisha, Daktari akaja kuchuma majani ya kupima, akaenda nayo. Baada ya siku tano akarudi peke yake, hakusalimia, akaingia shambani na kwenda moja kwa moja kwenye upande wangu. Nilimwona kupitia dirishani anapiga magoti kwenye mti mmoja, anafukua, anainuka, anakwenda kwenye mwingine. Alipofika kwa Bibi alikuwa ameshajua atakachokuta.

Tulikuwa jikoni kwa Mashoto alipoingia, udongo mpaka viwikoni.

"Karatasi ya kabatini imefunguliwa, na miti kumi na miwili tupu ina dawa kwenye utomvu," akasema. "Nilidhani mashine imeharibika. Nimepima mara tatu."

Nikawahi mimi. "Majirani hao! Wezi wakubwa! Wameingia wakaharibu kwa husuda."

Alimgeukia Mashoto. "Mama. Mikato yote ina mkia."

Ndio hivyo. Mama yake alimfunga mkono ule miaka miwili, na mkono ukaja kumfunga yeye. Mashoto aliweka kisu mezani, mpini ukimwelekea Daktari, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Mimi," akasema.

"Yote?"

"Unauona mkato wa mtu mwingine hapo?"

Daktari akavuta kigoda akakaa. Alikuwa analia lakini hakujifuta, aliacha tu. "Mmoja ningeutetea," akasema. "Haki ya Mungu ningeutetea. Ningeandika: mti mmoja umeharibika, tumeung'oa. Wangenisikia. Themanini kutoa mmoja, si kitu. Kumi na miwili nitasema nini? Hesabu zote zimekufa. Na kibali nimekivunja mimi, jina langu ndilo liko pale."

Mmoja ungetetewa. Maneno yaleyale aliyonipa wifi, kwa kinywa kingine.

Mashoto akageuza macho akanitazama. Si kwa muda mrefu, ni kama unavyomtazama mtu kuona kama bado yupo chumbani. Halafu akatazama meza.

Wakaguzi wa serikali walikuja watatu, na makaratasi. Mkubwa wao, mtu wa kitambi mwenye sauti ndogo, akanigeukia. "Na wewe bibi, ulijua?"

"Mimi nitajua nini?" nikasema. "Mimi hata kisu sijui kukishika."

Na hiyo ilikuwa kweli tupu. Akaandika. Mashoto alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na pua yake ikatoa pumzi moja fupi, kama mtu aliyesikia mzaha wa zamani.

Tingatinga liliingia siku ya tatu. Lilianza upande wangu. Miti iliyopona ilikuwa imetoa maua, na mti wenye maua ukichomwa mbichi, moshi wake unanukia vizuri. Hilo sijalisikia kwa mtu, nimelinusa. Siku mbili bonde lote lilinukia kama harusi. Majirani walisimama kwenye ua wao wamekunja mikono. Walikuwa wanangoja dawa baada yetu, na sasa walikuwa wanaona zamu yao inaungua. Mmoja wao, tunamwita Mwenye Pampu kwa sababu ndiye wa kwanza bondeni kununua pampu ya maji na hajaacha kuitaja, alimtemea Mashoto mate miguuni. Mashoto akafukia yale mate kwa kidole cha mguu, polepole, kama mbegu.

Bibi aliachwa wa mwisho kwa sababu tingatinga halikupita nyuma ya jiko, ilibidi ubomolewe ukuta. Mashoto akamwendea mkaguzi. "Huo niachie mimi nikate."

"Haiwezekani, mama. Huruhusiwi kugusa mti hapa."

"Niliupanda nina miaka kumi."

"Ndio maana huruhusiwi."

Wakabomoa ukuta. Bibi alikuwa mzima kabisa, kijani toka juu mpaka chini. Lilipomng'oa, udongo ukabaki na shimo la kuingia ng'ombe, na chini kwenye mzizi ukaonekana ule mlimau, shina gumu la kikahawia halina hata doa. Mashoto alilitazama, akasema, "Nilichagua shina zuri," akaingia ndani akafunga mlango.

Ardhi yetu ikapigwa marufuku miaka mitano, usipandwe mchungwa wala mlimau wala ndugu yao. Daktari alisimamishwa kazi, kisha akarudishwa, akaanza upya mbali na hapa, na safari hii shamba lilizungushiwa waya na hakukuwa na vizee ndani. Ilimchukua miaka mitatu. Dawa ikafanya kazi, kama ilivyokuwa ikifanya kwetu. Katika miaka hiyo mitatu bonde lilipoteza nusu ya michungwa yake. Watu wakimwona Mashoto njiani walihamia upande wa pili. Mimi walinisalimia. "Pole bibi, umeponzwa na wifi yako." Nilikuwa naitikia, "Ndio dunia."

Magoti yakamshinda, na nyumba yake ina lile pengo la ukuta linalotazama lile shimo, hakutaka kulitazama. Akahamia kwangu. Chumba cha nyuma, kitanda cha kaka yake.

Mwaka jana nundu zikafika bondeni. Vijana wa mkono wa kulia wakaingia kwa Mwenye Pampu, na Mashoto akachukua kigoda akakaa kwenye ua wetu kuwatazama. Nikamfuata, nani angebaki ndani?

"Anachana," akawa anasema. "Tazama mpumbavu yule, anachana gome. Wewe! Laza kisu! Laza! Unachinja kuku?"

Mwenye Pampu akapiga kelele kutoka kule, "Mfunge mdomo huyo mchawi wa miti!"

Daktari alikuwepo. Amenenepa kidogo, miwani mipya. Alitembea mpaka kwenye ua akasimama, waya katikati yetu. "Hamjambo," akasema.

"Nundu ngapi zimekufa?" Mashoto akamwuliza.

"Moja katika tatu."

"Nipe siku mbili na hao vijana. Sigusi mti. Nakaa hapa hapa, nawaonyesha kwenye kijiti."

Nilimwona yule msichana akitaka. Aliuma mdomo. "Siwezi, mama. Jina lako liko kwenye karatasi. Ingekuwa ni ule mmoja tu, ningewaomba. Ningesema ni mzee, aliupenda mti wake. Lakini kumi na mmoja mingine, kwa kupanga, siku mbili mfululizo, wataniuliza huyu alikuwa anatafuta nini. Mimi mwenyewe sijawahi kuelewa. Ulitafuta nini, mama?"

Hapo palikuwa na nafasi ya mtu kusema. Ilikuwa pana, tingatinga lingepita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kigoda, mkono wangu uko kwenye nguzo ya ua, na maneno nilikuwa nayo mdomoni yote, yamepangana. Kumi na mmoja ni ya kwangu, mimi nilimlazimisha. Hayahitaji hata pumzi mbili.

Nikameza.

Mashoto akangoja. Alingoja kweli, sikuota. Halafu akasema, "Uzee, mwanangu. Mtu akizeeka anapenda vitu vingi."

Daktari akaondoka. Tukarudi ndani. Kwenye meza palikuwa na machungwa niliyonunua sokoni, mazuri, yamenyooka, ya miti ya nundu. Mashoto akachukua kisu chake kwa mkono wa shoto, akamenya moja, ganda likatoka kamba moja ndefu bila kukatika. Akalifungua, akaanza kuniwekea vipande kwenye sahani yangu kimoja kimoja. Nilishangaa, hajawahi kunimenyea kitu tangu niolewe. Lile chungwa lilikuwa na vipande kumi. Akamenya la pili, akatoa kimoja, akakiongeza kwenye sahani yangu. Vingine akala yeye.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu lilikuwa na kumi na viwili. Akanipa kumi na kimoja, kile kimoja akakitia mdomoni mwake, akakitafuna ananitazama.

Ndipo nikahesabu.

Sijamwuliza. Kila siku baada ya chakula cha mchana anamenya, anapanga, ananisogezea sahani kwa ule mkono wa shoto, na mimi navila vyote mpaka cha mwisho. Ni vitamu. Hajawahi kukosea hesabu.